Kuanza dawa za sonona wakati pituitari yako ni mgonjwa

Siku ya tano baada ya kuanza dawa ya sonona nilikuwa nimekaa sakafuni bafuni, mgongo ukutani, nimetapika kidonge changu cha haidrokotisoni cha asubuhi na kile cha mchana, vidonge vinavyoshika nafasi ya homoni iitwayo kotisoli. Karatasi iliyokuja na dawa ilisema kichefuchefu cha wiki ya kwanza ni cha kawaida na kitapita chenyewe. Kwa mtu mwingine, sawa. Kwangu mimi, ambaye mwili wangu hautengenezi kotisoli tangu uvimbe wa pituitari uondolewe, zile zilikuwa saa za hatari, na sikujua. Daktari aliyeniandikia aliniuliza kama nina mzio wowote. Hakuniuliza naishi kwa homoni gani, na mimi sikumwambia, kwa sababu sikuona uhusiano kati ya huzuni na tezi.

Uhusiano upo, na ndiyo maana ya mwongozo huu. Dozi zako ni suala lako na madaktari wako. Ninachokupa hapa ni mpangilio wa mambo: nini kitangulie, nini kipimwe, nini kiulizwe, na ni wakati gani uache kusubiri kliniki na ukimbilie hospitali.

Kwa asiyeijua vizuri, pituitari ni tezi ya ukubwa wa punje ya njegere, inakaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Inaiamuru tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, na ovari au korodani. Inatoa homoni ya ukuaji na prolaktini. Sehemu yake ya nyuma inaachia vasopresini, homoni inayozuia maji yasitoke yote kwa mkojo. Kwa hiyo mtu akisema "nina ugonjwa wa pituitari" bado hajasema kitu. Mwenye uvimbe unaotoa prolaktini, mwenye ugonjwa wa Cushing ambaye kotisoli yake imefurika, mwenye akromegali ambaye homoni yake ya ukuaji imezidi, na mama ambaye pituitari yake ilikufa baada ya kutokwa damu nyingi akijifungua ni watu wanne wenye shida nne tofauti. Dawa moja ya sonona inaweza kumfaa wa kwanza na kumletea wa pili matatizo.

Hatua ya 1: Jua kwanza unachotibu

Uchovu, kukosa hamu ya chochote, usingizi ulioharibika, akili nzito, hamu ya tendo la ndoa kupotea. Orodha hiyo ni ya sonona. Ni ya upungufu wa kotisoli pia, na ya tezi ya shingo iliyolala, na ya testosteroni au estrojeni iliyoshuka, na ya kukosa homoni ya ukuaji. Kwa watu kama sisi kila dalili ina wenyewe wawili. Ukiikabidhi kwa mmoja bila kuuliza, utatibu jirani.

Kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kotisoli ya asubuhi, karibu saa 2, kwa wale wasiojulikana bado kama wanaitengeneza. Sodiamu, yaani chumvi ya damu. Homoni za uzazi. Prolaktini, homoni ya maziwa, na hii usiiache, nitaeleza baadaye kwa nini. Na homoni ya tezi ya shingo, ambapo kuna mtego unaowanasa hata wataalamu: kipimo kinachoagizwa na wengi ni TSH peke yake. Lakini TSH ni ile amri kwa tezi ya shingo, na inatoka pituitari. Pituitari ikiwa mgonjwa, TSH inaweza kusomeka kawaida kabisa huku tezi ya shingo imelala usingizi wa pono. Kipimo cha kuomba ni T4 huru, homoni ya tezi ya shingo yenyewe. Ukiambiwa "TSH yako nzuri, huna tatizo la tezi," jibu kwa upole kwamba kwako TSH haisemi ukweli.

Ikionekana kotisoli na homoni ya tezi ya shingo zote ziko chini, mpangilio ni kotisoli kwanza, levothairoksini (kidonge cha homoni ya tezi ya shingo) baadaye. Levothairoksini ikitangulia inaharakisha matumizi ya kotisoli ile ndogo iliyobaki, na mtu anaweza kuanguka. Hili ni la daktari kupanga, ila hakuna ubaya mgonjwa akilijua.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba sonona yako "ni homoni tu". Mimi homoni zangu karibu zote zilikuwa sawa kwenye karatasi na bado niliamka kila siku nikitamani kusiwe na asubuhi. Wenye Cushing wengi hupata sonona ya kweli, na kwa baadhi yao hubaki hata baada ya kotisoli kurudi chini. Na kama tayari una mawazo ya kujiua, usingoje majibu ya maabara: mwambie mtu leo, nenda hospitali leo, vipimo vitafanyika huko huko.

Hatua ya 2: Andika ulivyo kabla hujaanza

Wiki moja inatosha. Hii ni nakala ya ukurasa wangu mmoja:

*Jumanne. Uzito kilo 68.2. Maji glasi 9. Nimeamka kukojoa mara 1. Kichwa hakiumi. Usingizi saa 5, nimeamka saa 10 alfajiri, sikurudi tena. Hamu ya tendo: hakuna, tangu mwezi wa pili. Macho sawa.*

Unaona ile "tangu mwezi wa pili"? Hiyo ndiyo iliyoniokoa. Dawa nyingi za sonona, hasa kundi la setralini, fluoksetini, paroksetini na wenzao, hupunguza hamu ya tendo na kuchelewesha kufika kileleni. Homoni za uzazi zikishuka nazo hufanya hivyo hivyo. Bila ukurasa ule tungelaumu dawa, tungeibadilisha, na kumbe testosteroni ndiyo iliyohitaji kurekebishwa. Wanawake waongeze tarehe za hedhi, na kama matiti yanatoa maziwa bila kunyonyesha. Kila mtu aandike habari ya macho: je, unaona vitu vya pembeni bila kugeuza shingo?

Hatua ya 3: Karatasi moja kwa madaktari wote

Daktari wa homoni na daktari wa magonjwa ya akili mara nyingi hawajawahi kuonana. Mjumbe kati yao ni wewe. Usitegemee kumbukumbu yako ukiwa na sonona, maana ndicho kitu cha kwanza kinachochoka. Andika: ugonjwa wako kamili, upasuaji au mionzi uliyopata na mwaka wake, kila homoni unayomeza au kujichoma na dozi yake, majibu ya mwisho ya damu, jina la kliniki yako ya homoni.

Kuhusu haidrokotisoni ongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa: MWILI WANGU HAUTENGENEZI HOMONI HII, ISIKATWE. Kuna waliodhani ni ile "steroidi ya kupunguza uvimbe" na wakapendekeza iachwe kwa sababu steroidi huvuruga akili. Zikizidi huvuruga kweli, na dozi iliyo juu mno au inayomezwa jioni sana inaweza kuwa ndiyo inayokunyima usingizi, kwa hiyo kuipitia ni jambo jema. Kuipitia, si kuiacha.

Wanaotumia desmopresini kwa sababu vasopresini yao imeisha wawe makini na jina la ugonjwa. Kwa miaka mingi umeitwa daiabetisi insipidasi, na watu wakisikia daiabetisi wanafikiria sukari. Kumekuwa na wagonjwa waliolazwa wakanyimwa desmopresini kwa mkanganyiko huo, na ndiyo sababu moja ya wataalamu kupendekeza mwaka 2022 uitwe upungufu wa vasopresini. Tumia jina jipya na uandike la zamani pembeni.

Hatua ya 4: Chagueni dawa kwa kuangalia ugonjwa wako

Nasema chagueni, kwa wingi. Hapa ndipo maswali yako yana thamani kubwa kuliko popote.

*Ukitumia desmopresini.* Swali la kwanza ni sodiamu. Setralini, sitalopramu, fluoksetini, na pia venlafaksini na duloksetini, zinaweza kuufanya mwili ushikilie maji hadi sodiamu ya damu ishuke. Desmopresini nayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kushikilia maji. Zikikutana, kila moja inaisukuma nyenzake. Hatari inakua kwa wazee, kwa wanawake, na kwa anayemeza dawa za presha za kundi la thiazaidi. Kabamazepini, ambayo wengine hupewa kutuliza hisia, ni ya kuogopwa zaidi hapa. Mirtazapini kwa kawaida ina hatari ndogo ya sodiamu kuliko kundi la setralini, ndiyo maana madaktari wengi huifikiria, ingawa inaongeza hamu ya kula na uzito. Na kuna kona ambayo sikuitarajia: amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, hukausha mdomo. Mdomo ukikauka unakunywa maji. Ukinywa maji bila kiu ya kweli huku desmopresini imefunga bomba, maji hayana pa kwenda. Kama mdomo umekauka, sukutua, tafuna kitu, nyonya kipande cha barafu, lakini usijaze tumbo.

*Ukiwa na uvimbe wa prolaktini.* Dawa za sonona zenyewe, zikipandisha prolaktini, kwa kawaida huipandisha kidogo tu. Klomipramini ina sifa mbaya kuliko nyingi, na mirtazapini na bupropioni mara nyingi haziigusi. Vinavyoipandisha hasa ni dawa zinazoziba dopamini, kemikali inayoizuia prolaktini isipande: risperidoni, haloperidoli, amisulpridi, hata metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Hizi wakati mwingine huongezwa sonona ikikataa kutibika, au kichefuchefu kikizidi, na huko ndiko tunakopigwa, upande tusiouangalia. Tena zinapingana moja kwa moja na kabergolini au bromokriptini, dawa za uvimbe wa prolaktini, ambazo kazi yake ni kuiga dopamini. Dawa ya nyongeza ikihitajika, uliza kama aripiprazoli au kwetiapini inafaa.

Na kabergolini yenyewe ina siri yake. Baadhi ya watu wakiitumia hupata uchu usiozuilika wa kucheza kamari, kununua vitu au kufanya ngono, na wengine hubadilika hisia. Mtu anaficha kwa aibu, anaonekana ana sonona na madeni. Kama umeanza tabia usiyoitambua tangu uanze kidonge hicho, mwambie daktari wa homoni kabla ya kupokea dawa nyingine juu yake.

*Ukitibiwa Cushing au akromegali.* Uliza kuhusu moyo. Sitalopramu na esitalopramu zinaweza kurefusha ule muda wa umeme wa moyo unaosomwa kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kama QT. Pasireotidi, ketokonazoli na osilodrostati, dawa zinazotumika kwa magonjwa haya, nazo zinaweza. Mbili kwa pamoja ni sababu ya kupimwa ECG kabla na baada, na potasiamu pia, maana kotisoli iliyozidi huishusha. Setralini huwa chaguo tulivu zaidi upande huo. Ketokonazoli pia huchelewesha ini kuvunja dawa nyingine, kwa hiyo dozi ya kawaida ya trazodoni au mirtazapini inaweza kukulemea. Wenye akromegali wanaokoroma na kukata pumzi usingizini waseme hivyo kabla ya kupewa dawa yoyote ya kulewesha usiku.

*Ukiwa na historia ya kifafa au uvimbe ambao bado upo.* Bupropioni inavutia, kwa sababu haiharibu hamu ya tendo na haiongezi uzito. Lakini inashusha kizuizi cha degedege, na kuna nchi ambako maelezo rasmi ya dawa yanaikataza kabisa kwa mwenye uvimbe ndani ya kichwa. Taja uvimbe wako hata kama ni wa milimita chache.

Cha mwisho: acha mambo ya kujinunulia haiperikamu, ule mmea wa maua ya njano unaouzwa kama tiba ya asili ya huzuni. Unaamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja haidrokotisoni haraka kuliko kawaida, na ukikutana na setralini au wenzake unaweza kuzidisha serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizo huiongeza, mwilini. "Asili" hapa haikusaidii.

Hatua ya 5: Ivuke wiki ya kwanza ukiwa na mpango wa kutapika

Narudi bafuni. Kichefuchefu cha siku za mwanzo ni jambo linalotarajiwa kwa dawa nyingi za kundi la setralini. Asiyetengeneza kotisoli akitapika anapoteza dawa inayomweka hai, na wakati huo huo kutapika kwenyewe kunamfanya ahitaji kotisoli zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuanza, pata majibu ya daktari wa homoni kwa maandishi: nifanye nini nikitapika?

Utaratibu ambao wengi hupewa uko hivi. Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza haidrokotisoni, meza tena. Ukitapika mara ya pili, hapo hakuna kidonge tena, ni sindano: haidrokotisoni miligramu 100 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, kisha hospitali. Kama huna sindano ya dharura nyumbani, mwezi huu unaoanza dawa ya sonona ndio mwezi wa kuiomba na kumfundisha mtu unayeishi naye kuichoma. Mimi nilimfundisha mdogo wangu kwa chungwa. Alitetemeka na chungwa. Siku ilipohitajika hakutetemeka.

Kuna mbinu ndogo zinazosaidia. Meza dawa ya sonona pamoja na chakula, na si dakika ile ile na haidrokotisoni ya alfajiri. Haidrokotisoni itangulie kwa saa moja au mbili, ili dawa ya sonona ikikataliwa, haidrokotisoni iwe imeshaingia. Omba kuanza na nusu ya dozi kwa wiki ya kwanza. Na ukipewa dawa ya kuzuia kutapika, kumbuka habari ya metoklopramidi hapo juu.

Usianze dawa hii wiki unayosafiri. Usianze Ijumaa kama kliniki yako hufungwa Jumamosi na Jumapili. Anza siku ambayo kesho yake kuna mtu wa kupokea simu.

Hatua ya 6: Sodiamu, mara mbili angalau

Kabla ya kuanza, halafu wiki moja hadi mbili baadaye. Tatizo hili likija, kwa kawaida huja ndani ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo kipimo cha tatu karibu wiki ya nne kina maana kwa wanaotumia desmopresini na kwa wazee. Kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Rudia kila dozi inapopandishwa.

Nyumbani kipimo chako ni mizani. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa. Kilo moja na nusu zikiongezeka kwa siku mbili, na hujala harusini, hayo ni maji. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikirudi, ukaanza kuchanganya maneno au kusinzia ovyo, usiseme ni sonona imezidi. Sodiamu ikishuka sana huleta degedege. Hospitali, na ile karatasi yako mkononi. Na kumbuka upungufu wa kotisoli nao hushusha sodiamu, kwa hiyo wapime vyote viwili.

Hatua ya 7: Subiri, lakini vipimo vingine visikudanganye

Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na picha kamili wiki ya sita au ya nane. Wiki za mwanzo nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya matumaini. Kwa walio chini ya miaka 25 hasa, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kipindi hicho, kwa hiyo mtu mmoja wa karibu ajue umeanza dawa.

Huku ukisubiri, kliniki ya homoni itakuita kwa vipimo. Prolaktini ikionekana imepanda, sasa utafurahi kwamba una ile ya mwanzo ya kulinganisha. Usiache dawa ya akili mwenyewe ili "prolaktini isomeke vizuri". Kuna njia ya kuisimamisha siku tatu au kuibadilisha, ikiwa aliyekuandikia amekubali, na kuna nyakati ambapo haiwezekani na MRI, picha ya kichwa, ndiyo inayojibu swali. Kipimo cha deksamethasoni cha kutafuta Cushing, ambapo unameza kidonge hicho ionekane kama kotisoli itashuka, nacho kina utata wake: sonona kali peke yake inaweza kupandisha kotisoli na kukifanya kionekane kibaya, na kabamazepini huivunja deksamethasoni kabla haijafanya kazi. Waambie unameza nini kabla hawajakutoa damu.

Anayetumia levothairoksini pamoja na setralini apime tena T4 huru baada ya wiki sita hivi. Kuna watu ambao dozi yao ya levothairoksini hulazimika kupanda.

Macho. Amitriptilini na jamaa zake hutia ukungu kwenye maandishi ya karibu, unasogeza simu mbali ndipo unasoma. Hilo ni la dawa. Ukianza kugonga mabega kwenye fremu za milango, au gari la pembeni linakushtukiza kila mara, huenda uvimbe unabana mishipa ya macho, na MRI isingoje. Kichwa kikipasuka ghafla kwa maumivu usiyowahi kuyaona, pamoja na kutapika na kuona vitu viwili viwili, huenda pituitari imevuja damu ndani yake. Hiyo ni gari la wagonjwa, usiku huo huo.

Hatua ya 8: Siku ya kuacha

Ukishapona, kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi sita ndipo kupunguza kunazungumzwa. Punguza polepole. Paroksetini na venlafaksini ndizo zinazoachika kwa shida. Fluoksetini hutoka mwilini taratibu na huachika kwa urahisi zaidi.

Dalili za kuacha ni kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, hasira, ndoto kali. Zisome tena, halafu soma dalili za kotisoli iliyopungua: kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu, presha chini. Wenyewe wawili tena. Ninavyotofautisha mimi ni hivi: vile vishtuko kama vya umeme vinavyopita kichwani ukigeuza macho ni vya dawa, kotisoli haifanyi hivyo. Kizunguzungu kinachokuja nikisimama tu na kuondoka nikilala, presha nikiipima nimekaa halafu nimesimama ikaporomoka, hicho nakihesabu ni cha kotisoli mpaka ithibitike vinginevyo, na nafuata utaratibu wangu wa siku za ugonjwa bila kubishana na mtu. Kosa la kumeza haidrokotisoni ya ziada siku moja ni dogo. Lile lingine nilishalifanya, sakafuni bafuni.